Maswali tunayoulizwa kila Jumamosi: umoja wetu wahamiaji na maisha mapya hapa Iowa

Kila Jumamosi mkutano wa jumuiya ukimalizika, foleni ndogo hujipanga mlangoni. Kuna aliyetoka shifti bado na buti za kiwandani, kuna mama mwenye bahasha ya serikali asiyejua ndani mna nini, kuna kijana anayetaka kujua kama mchango wa mwezi ni lazima. Maswali ni yale yale na wanaoyajibu ni wale wale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika. Mimi ni mzaliwa wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, na nimefika Marekani nikiwa mtu mzima. Kazi yangu ni ukalimani, hospitalini na mahakamani, na kwa miaka minne nilikuwa kwenye hazina ya jumuiya. Humu kuna sheria na kuna maoni yangu, nimejitahidi visichanganyike. Na mimi si wakili.

Mnasema "sisi". Sisi ni nani hasa?

Swali zuri, maana ukitutazama kwa haraka hatufanani. Wapo Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakaishi Tanzania zaidi ya miaka thelathini, wakaanza kuletwa Marekani kuanzia 2007 hivi. Wapo Wasomali Bantu waliofika kuanzia 2003 wakitokea kambi ya Kakuma, Kenya. Wengine kati yao nyumbani bado wanazungumza Kizigua, kwa sababu babu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara la Tanga katika karne ya 19. Wenzao waliobaki Afrika Mashariki walipewa makazi Chogo, Handeni, wakarudi walikotoka baada ya vizazi vingi. Wapo Wakongo, ambao ndio wengi: Wabembe, Banyamulenge, Wafuliru, Washi, na wale wa Goma. Wapo Wanyarwanda. Halafu Wakenya na Watanzania waliokuja kwa shule, kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa, ambao mara nyingi hujiona si wakimbizi mpaka siku wanapofiwa.

Kinachotuunganisha ni Kiswahili, na hata hicho si kimoja. Mkongo anasema "niko nakuya", Mkenya "nakam", Mtanzania "naja", na wote watatu wamechelewa. Sahani moja ya majani ya muhogo ina majina manne mezani kwetu: sombe, isombe, pondu, kisamvu. Mabishano yake hayaishi, huyu anataka mawese, yule nazi, na mama wa Kirundi ananyamaza tu anaongeza ndagala. Nimeona watu ambao wazee wao hawasalimiani wakicheka pamoja kwa sababu ya sufuria hilo. Sisemi chakula kinaleta amani, nasema kinaleta watu ukumbini.

Nikijiunga, lazima niache chama cha kabila langu?

Hapana. Baki nacho. Kuna mambo ambayo watu wa kijiji chako tu ndio watayaelewa. Jumuiya kubwa ni ya yale ambayo kikundi cha familia ishirini hakiwezi kuyabeba: mazishi, ukumbi, barua kwa mkuu wa shule, mkalimani, wakili.

Waliojaribu kufuta vyama vya makabila ili "tuwe kitu kimoja" walipata kitu kimoja kweli: chama kimoja chenye mwenyekiti na wanachama sita.

Kule nyumbani watu wao waliua watu wetu. Mnataka nikae nao meza moja?

Swali hili huwa haliulizwi hadharani. Huulizwa kwenye maegesho, gari limeshawashwa.

Sitakujibu kwa methali. Miongoni mwetu wapo wenye makaburi Makobola, Kongo, ya mauaji ya mwisho wa Desemba 1998. Wapo wenye makaburi Gatumba, Burundi, ya mauaji ya usiku wa 13 Agosti 2004. Wapo ambao hawana hata kaburi. Hakuna jumuiya ya Jumamosi itakayofuta hayo, na anayekuambia "hapa Amerika yaliyopita yamepita" ama hakupitia ama anataka kura yako.

Sisi tulifanya kitu kidogo zaidi. Tulikubaliana mambo matatu, tukayaandika kwenye karatasi moja. Kwanza, siku ya kumbukumbu ya wenzako huendi kubishana kuhusu idadi wala nani alianza. Unakwenda ukakae kimya, au huendi. Pili, sauti za WhatsApp za kutoka nyumbani zinazotaja kabila la mtu kwa matusi haziingii kwenye kundi la jumuiya, hata kama zimetumwa na askofu. Tatu, mtu akikataa kukaa karibu na mtu fulani hahojiwi. Anasogezewa kiti upande mwingine, basi.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyopingwa sana, wakisema inahalalisha chuki. Mimi naona ndiyo iliyotuokoa. Kuna mzee aliyekaa upande wa mlango kwa miaka miwili bila kusogea. Mwaka wa tatu mjukuu wake alilazwa na aliyekuwa zamu ya kumpeleka hospitali alikuwa mtu wa upande ule mwingine, kwa kuwa ndiye pekee mwenye gari la viti saba. Hawakuzungumza njiani, mzee mwenyewe aliniambia. Lakini tangu hapo anakaa katikati.

Mtu akifariki, nani anafanya nini?

Hili ndilo jambo tunalolijua kuliko yote, na kama ungeniuliza jumuiya yetu ilizaliwa wapi, ningesema msibani.

Simu ya kwanza impigie katibu, saa yoyote. Yeye anatuma watu wawili: mmoja wa kukaa na familia, mwingine anayejua Kiingereza wa kuzungumza na hospitali. Usisaini karatasi ya nyumba ya mazishi usiku huo huo. Bei zinatofautiana sana kati ya nyumba moja na nyingine, na kwa sheria ya nchi unayo haki ya kupewa bei kwa simu na kupewa orodha ya bei iliyoandikwa ukienda pale. Waliofiwa hawaulizi bei, ndiyo maana tunaulizia sisi.

Kisha familia inaamua: kuzika hapa au kusafirisha. Kusafirisha kunataka cheti cha kifo, uthibitisho kwamba mwili umetiwa dawa, karatasi za ubalozi, jeneza la kusafiria, na maelfu ya dola juu yake. Zamani karibu kila familia ilitaka kusafirisha. Sasa wengi wanazika hapa, na sababu wanayoitoa si pesa. Mama mmoja alisema: "Watoto wake wako hapa, nani atapalilia kule?" Waislamu wetu wana utaratibu wao wa haraka zaidi na msikiti ndio unaongoza, jumuiya inaleta magari na chakula.

Sasa jambo la matanga. Miaka ya mwanzo tuliweka matanga kwenye apatimenti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Watu sitini. Magari yameziba njia, akina mama wanalia kama inavyotakiwa kuliwa, saa tano usiku. Jirani wa chini akaita polisi. Askari wawili walipofika mlangoni, vijana wakatawanyika kwa ngazi ya nyuma kana kwamba kuna kosa limetendeka. Aliyebaki alikuwa mzee mmoja mchungaji, Kiingereza chake maneno kama hamsini. Akasema, "Mother. Die. Today." Askari mkubwa akavua kofia, akaingia, akasimama dakika moja mbele ya picha, kisha akatuomba tu tusogeze magari.

Tangu siku ile tuna karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiingereza: tumefiwa, watu watakuja kwa siku tatu, hii ni namba ya simu kukiwa na kero. Kijana anaipitisha kwenye milango yote ya jengo kabla wageni hawajaanza kufika. Mara ya kwanza tulipoipitisha, yule yule jirani wa chini alipanda ngazi na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, akalishika kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Hakuna aliyekula viazi vile kwa raha, nasema kweli. Lakini vililiwa vikaisha.

Mbona jumuiya nyingi huanza vizuri na kuvunjika?

Pesa. Uongozi pia, lakini ukichunguza uongozi utakuta pesa chini yake.

Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika hivyo, nami nilikuwemo. Nilikuwa mweka hazina msaidizi. Michango ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga nyumbani kwa kiongozi mmoja, ambaye simtaji kwa sababu si mwizi. Ndugu yake alikamatwa Ijumaa jioni, dhamana ikahitajika, kopo lilikuwa pale. Alirudisha kila senti baada ya miezi minne. Lakini mwezi wa pili mtu alifariki, tukafungua kopo, tukakuta risiti ya mahakama. Mimi nilikuwa najua tangu wiki ya kwanza na nilinyamaza kwa heshima ya mkubwa. Ile heshima ilitugharimu miaka mitatu ya kutoaminiana.

Kwa hiyo, kwa vitendo: sajilini chama serikalini jimboni, halafu mchukue namba ya mwajiri ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), yaani EIN, ambayo ni bure. Msilipie mtu kuichukua. Fungueni akaunti ya benki ya jina la chama, yenye saini mbili, na wenye saini wasiwe wa nyumba moja. Mkitaka msamaha wa kodi wa vyama vya hisani, uitwao 501(c)(3), chama kidogo kinaweza kutumia fomu fupi ambayo ada yake ni dola 275, ilhali ndefu ni dola 600. Baada ya hapo kila mwaka mnatuma fomu 990-N, ile ya vyama ambavyo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000. Inajazwa mtandaoni kwa dakika kumi. Msipoituma miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutwa yenyewe bila kuulizwa. Nimeona vyama vilivyojiita vimesajiliwa kumbe vilishafutwa zamani, viongozi wakigombania mhuri usio na kazi.

Mchango wa misiba ukae kwenye akaunti yake. Na taarifa ya benki isomwe kwa sauti kila mwezi, tarakimu kwa tarakimu, hata kama watu wanasinzia.

Upatu unaruhusiwa Marekani?

Unaruhusiwa. Tanzania ni upatu, Kongo likelemba, Kenya chama, Wasomali wanauita ayuto. Watu kumi wakitoa dola 200 kila mmoja, kila mwezi mtu mmoja anaondoka na 2,000, na ndivyo wengi wetu tulivyonunua gari la kwanza pale benki ilipotuambia hatuna historia ya mkopo.

Tahadhari mbili. Ukiweka benki fedha taslimu zaidi ya dola 10,000, benki inatoa taarifa serikalini, na hilo si kosa lako. Kosa ni kuzigawagawa makusudi vifungu vidogo ili taarifa isitolewe. Hilo ni jinai hata kama pesa ni halali yako. Ya pili: hakuna polisi atakayekurudishia pesa kwa yule aliyepokea mzunguko wa kwanza akahamia Texas. Mchague mtu, usichague kiwango.

Tukijikusanya wenyewe kwa wenyewe, si ndiyo tunajitenga na nchi?

Wamarekani wengine hutuuliza hili, na watoto wetu pia. Jibu lipo katika historia ya jimbo hili hili.

Mwaka 1975, baada ya vita vya Vietnam, Tai Dam, watu wa asili ya kaskazini magharibi mwa Vietnam waliokuwa wamekimbilia Laos na kisha Thailand, waliandika barua kwa magavana wa Marekani wakiomba jambo moja: tupokeeni pamoja, msitutawanye. Desturi ya serikali ilikuwa kuwatawanya wakimbizi, familia huku na familia kule, kwa dhana kwamba wakiwa wachache watazoea haraka. Gavana Robert Ray wa Iowa, wa chama cha Republican, alikubali kuwapokea pamoja. Zaidi ya elfu moja walifika. Leo Iowa ndiyo yenye Tai Dam wengi kuliko mahali pengine popote Marekani, na ukikaa nao utakuta wanunuzi wa nyumba, wafanyabiashara, watu wenye wajukuu wanaoshangilia timu za vyuo vya hapa kama kichaa.

Mimi nasoma kisa hicho hivi: mtu mwenye pa kurudi jioni ana ujasiri wa kutoka asubuhi. Wale ninaowaona hawajifunzi Kiingereza, hawaendi mkutano wa shule, hawajui jina la jirani, mara nyingi si wale waliozama kwenye jumuiya. Ni wale walio peke yao.

Ila umoja wa kujifungia upo, nisidanganye. Kanisa ambalo waumini wake wanakatazwa kwenda kwenye sherehe ya mtaa, chama kinachosuluhisha kipigo cha mke ndani kwa ndani ili "wazungu wasijue". Hapo sitetei. Mama akipigwa anapiga namba ya dharura, 911, na jumuiya inampeleka sehemu salama. Tuligombana sana kuhusu hili na baadhi ya wazee waliondoka. Waende.

Nawezaje kuanza na jirani Mmarekani?

"How are you" si swali. Usisimame ukaeleza goti lako. Jibu, tabasamu, endelea.

Theluji ikianguka, futa njia ya miguu mbele ya nyumba yako mapema. Halmashauri inaweza kukutoza ukiiacha. Na ukishika koleo, ongeza hatua kumi mbele ya nyumba ya bibi wa pembeni. Sijui njia nyingine ya kufahamiana inayofanya kazi haraka hivyo kwa mtu asiye na Kiingereza. Mbuzi msimchinjie uani. Kuna wakulima nje ya mji wanaouza mbuzi na machinjio madogo yanayojua mahitaji yetu, halali ikiwemo.

Na msiwapite Wamarekani Weusi kana kwamba si jirani zenu. Tumekuja na maneno mabaya tuliyolishwa na sinema, nao wana maneno yao kuhusu Waafrika. Nilipohamia mtaa wangu wa pili, bibi mmoja Mmarekani Mweusi alinisimamisha Desemba 26 akaniambia kwa Kiswahili, "Habari gani?" Nikafurahi mno, nikajibu, "Nzuri sana, shikamoo mama!" Akatikisa kichwa, akarudia polepole kama mwalimu: "Habari gani?" Nikajibu tena nzuri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ilikuwa siku ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ambayo siku zake saba zina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Jibu sahihi siku ile lilikuwa "Umoja". Nimekulia kwenye Kiswahili, nikasahihishwa Kiswahili Iowa. Mwaka uliofuata tulimwalika ukumbini, akatufundisha sisi maana ya kinara chenye mishumaa saba, nasi tukamfundisha shikamoo. Anaitumia kwa kila mtu, hata watoto wadogo. Hakuna aliyemrekebisha.

Na wenyeji wakituambia hatutakiwi?

Itatokea. Ilitokea Lewiston, Maine. Wasomali, pamoja na Wasomali Bantu, walianza kuhamia mji ule mdogo wa viwanda vilivyokufa kuanzia 2001. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwataka wawaambie wenzao wasiendelee kuja, kwa kuwa mji umeelemewa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kufanya mkutano, kikapata watu wachache wa kuhesabika. Upande wa pili wa mji maelfu walikusanyika kuwatetea wageni. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa Kisomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo, na 2019 mwanamke wa Kisomali alichaguliwa kuingia baraza la mji.

Si kwamba mambo yakawa mazuri moja kwa moja. Angalia tu kilichofanyika kati ya barua na kombe: wazee wa Kisomali walimjibu meya kwa barua yao, kwa adabu na bila kuomba radhi kwa kuwepo.

Ni makaratasi gani yanayotuponza zaidi?

Matatu, na yote ni ya kutojua.

Anuani. Ukihama, una siku 10 kuwaarifu uhamiaji kwa fomu AR-11, mtandaoni. Posta ni kitu kingine, uhamiaji ni kitu kingine.

Grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkimbizi anaomba akishatimiza mwaka mmoja nchini, na asikawie, hasa sasa ambapo sheria ya Julai 2025 imewatoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye fudi stampu, msaada wa chakula wa serikali. Kama mke, mume au mtoto asiyeoa au kuolewa chini ya miaka 21 alibaki nyuma, ombi la kumleta, fomu I-730, linatakiwa ndani ya miaka 2 tangu ufike.

Kura. Hili linaniuma. Unakwenda ofisi ya leseni, karani anauliza haraka haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, wewe umezoea kuitikia "yes" kila usipoelewa. Umesaini kwamba wewe ni raia. Miaka mitano baadaye, kwenye mahojiano ya uraia, karatasi ile inatolewa. Asiye raia akijiandikisha au akapiga kura anaweza kunyimwa uraia na hata kufukuzwa nchini. Nimekalimani kesi za namna hii na mtu anarudia sentensi moja: "Nilidhani ni sehemu ya leseni." Mpaka uape uraia, jibu ni "no". Lisemee moyoni kabla hujaingia mlangoni.

Mtoto wangu anajua Kiingereza. Kwa nini asinikalimanie hospitali?

Kwa sababu siku daktari atakaposema ni saratani, itakuwa ni mtoto wa miaka kumi na mmoja anayekuambia. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Sema "Swahili interpreter, please" na ukae. Ukipewa wa simu na Kiswahili chake hukielewi, omba mwingine.

Watoto wanajibu Kiingereza tu. Tunawapoteza?

Mwanangu ananijibu Kiingereza, nami naendelea na Kiswahili, na tunaelewana kama redio mbili. Tulianzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi, likafa, maana tuliwafundisha ngeli. Lililoishi ni timu ya mpira yenye kocha asiyejua Kiingereza vizuri. Ukitaka kucheza, unaelewa "rudi nyuma" na "mpe pasi". Wamarekani wawili wa mtaani wanacheza humo pia, na mmoja ameshajua kusema "refa ameuzwa".

Kuhusu adhabu: fimbo itakuletea ofisi ya ustawi wa watoto. Usimtishie mtoto kumrudisha Kongo, naye asikutishie 911. Tunao wazazi waliopitia hayo, nitakukutanisha nao.

Mzee wangu hajui kusoma. Atapataje uraia?

Mlango upo. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 na miaka 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza; maswali ya uraia anaulizwa kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na miaka 20 ya grini kadi anasomea maswali 20 tu. Mgonjwa asiyeweza kujifunza, daktari anaweza kumjazia N-648, fomu ya kuombea asamehewe mtihani. Wengine wote, hata hao wa miaka 50 na 55, walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: orodha ya maswali 128, unaulizwa hadi 20, unatakiwa kupata 12. Tunarudia maswali haya kwa Kiswahili kila Jumanne jioni, kwa kuimba, kwa kuwa akina mama walisema hivyo ndivyo walivyojifunza katekisimu.

Angalia tarehe za kuzaliwa. Kambini waliandika mwaka tu, ndiyo maana nusu ya jumuiya imezaliwa tarehe 1 Januari. Kama umri halisi ni mwingine, muulize wakili kabla ya kusaini chochote.

Ndugu zangu bado wako kambini. Kuna la kufanya?

Januari 2025 serikali ilisimamisha kupokea wakimbizi, na kwa mwaka wa fedha wa 2026 kiwango kiliwekwa 7,500, idadi ya chini kabisa tangu Sheria ya Wakimbizi ya 1980. Familia zilizokuwa zimeshauza magodoro Nyarugusu zikisubiri ndege zilirudi kwenye nyumba tupu. Yeyote anayekuomba pesa "kuharakisha faili" ni tapeli, awe hapa au kule, awe anakuita kaka au mchungaji. Kwa sasa tunachoweza ni mchango wa ada za shule, unaotumwa kwa jina la mtoto, na kuwapigia simu Jumapili.

Nikitaka kujiunga?

Njoo Jumamosi saa nane mchana, saa nane ya Kiswahili, yaani mbili kwa saa ya ukutani. Mchango ni dola kumi kwa nyumba. Huna, utatoa ukipata. Ukumbi una viti arobaini na sisi tumepita hapo, kwa hiyo ukiweza njoo na cha kwako.